Kipandauso cha macho: je, chakula na mpangilio wa siku vinaweza kukipunguza?

Mwalimu wa Tanga aliuliza:

Assalaam aleykum na habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari hapa Tanga, mwanamke wa miaka 36, na ninaomba ushauri wa wale wanaoujua ugonjwa huu, ama kwa kuwa nao, ama kwa kuutibu. Tangu mwaka jana ninapatwa na hali ambayo huanza bila maumivu yoyote. Ninaposahihisha madaftari, tarakimu moja katikati ya mstari hutoweka. Nikiikazia macho, naona za pembeni yake lakini yenyewe siioni, kisha mahali pale panaanza kumetameta. Baada ya dakika chache mameto hayo huwa mstari wa pembepembe, usiotulia, wenye umbo la hilali, ambao hupanuka polepole kuelekea pembeni hadi unapopotelea huko. Yote huchukua kama nusu saa. Kuna siku kichwa huniuma baadaye upande mmoja, na kuna siku hubaki uchovu tu.

Nilikwenda hospitali. Daktari wa macho alinitia dawa ya kupanua mboni, akaangalia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, akapima presha ya macho, akasema macho ni mazima na kwamba hiki ni kipandauso cha macho. Aliniandikia dawa ya maumivu na kunishauri niangalie chakula, bila kufafanua chakula gani. Tangu hapo kila mtu amekuwa daktari wangu. Mama mkwe amenikataza mayai, walimu wenzangu wamenikataza machungwa na karanga, na jirani amenikataza nazi, jambo ambalo kwa mtu wa Tanga ni sawa na kumwambia ahame.

Siku yangu huenda hivi: naondoka nyumbani alfajiri kwa pikipiki yangu baada ya chai ya rangi tu, hunywa kahawa mbili au tatu shuleni kabla ya adhuhuri, nakula chakula cha kwanza cha maana saa nane mchana, na usiku nasahihisha hadi saa sita. Jumamosi na Jumapili nalala hadi jua limepanda. Ninachotaka kujua ni vyakula gani hasa niviache, na kama ninaweza kufunga Ramadhani bila kuteseka.

Tabibu wa Macho, Mombasa:

Waaleykum salaam, Mwalimu. Kabla ya kufika kwenye chakula kuna jambo la kuhakikisha, kwa sababu jina la kipandauso cha macho hutumiwa kwa hali mbili zisizofanana. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya wengi, ni kipandauso kinachotanguliwa na dalili za uoni. Dalili hizo hutokea katika ubongo, kule kisogoni ambako taswira za macho yote mawili hupokelewa, na macho yenyewe hayana kosa. Ya pili ni kipandauso cha retina, ambacho ni nadra na huathiri jicho moja peke yake. Hali ikianza tena, funika jicho la kulia kwa kiganja na utazame ukurasa, kisha funika la kushoto. Ukiyaona mameto yaleyale kwa kila jicho, na hata ukiyafumba yote mawili bado yapo, chanzo ni ubongo. Wengi hukosea hapa, kwani mameto yakiwa upande wa kushoto wa uoni mtu husema ni jicho la kushoto, ilhali macho yote mawili hutazama upande huo.

Kwa maelezo yako naamini ni ile ya kwanza, na kwa kuwa unafundisha hesabu utalipenda hili. Mwaka 1870 daktari Mwingereza Hubert Airy alichapisha michoro ya mameto yake mwenyewe, yenye pembepembe hizohizo unazozieleza. Mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Marekani Karl Lashley, ambaye naye alikuwa na tatizo hili, alipima jinsi doa lake lilivyopanuka, akakokotoa kwamba lazima kuna kitu kinachosafiri juu ya gamba la ubongo kwa mwendo wa takriban milimita 3 kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Mbrazili Aristides Leão alieleza wimbi la aina hiyo alilolipima katika ubongo wa sungura: seli husisimka kwa ghafla, kisha hunyamaza, na hali hiyo hutambaa kutoka mahali hadi mahali. Ndiyo maana mstari wako hutembea polepole na kuchukua dakika 20 au 30. Wataalamu wengi leo wanakubali kwamba wimbi hilo ndilo linaloleta mameto.

Mwendo huo wa polepole pia ndio unaotusaidia kutofautisha. Giza linaloshuka ghafla kama pazia katika jicho moja, vitone vingi vyeusi vinavyoelea pamoja na miale ya mwanga, dalili zinazopita saa nzima, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, au hali hii kumwanza mtu kwa mara ya kwanza akiwa amepita miaka 50, hayo yote ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa yanaweza kuwa retina inayobanduka au dalili ya kiharusi. Chakula hakihusiki hapo.

Nina maswali mawili ambayo huenda hukuulizwa: je, unatumia vidonge vya majira, na je, unavuta sigara?

Mzee wa Magomeni:

Binti yangu, mimi nimeishi na kipandauso tangu ujana na sina haja ya historia ndefu. Acha chokoleti, jibini, soseji, na vitu vyote vya makopo. Machungwa pia acha. Chemsha tangawizi, kunywa asubuhi na jioni, na ukiona mameto yanaanza ingia chumba chenye giza. Nimefanya hivyo miaka mingi na sasa napatwa kwa nadra sana.

Bint Unguja:

Shikamoo, Mzee wa Magomeni. Tangawizi sikupingi, imefanyiwa majaribio madogo na haina madhara kwa mtu wa kawaida akiitumia kwa kiasi cha jikoni. Ninalopinga, kwa heshima, ni orodha. Kwa mtu wa umri wako inafaa kukumbuka kwamba kipandauso chenyewe hupungua kwa watu wengi kadiri wanavyozeeka, kwa hiyo si rahisi kujua kama sifa ni ya tangawizi au ya miaka.

Mwalimu, mimi pia nina mameto hayo, na niliwahi kuishi na orodha ndefu kuliko yako. Nikala wali mkavu na mchicha, nikakonda, na mameto yakaendelea kuja kama kawaida yao. Kilichonisaidia ni daftari. Niliandika, si chakula peke yake, bali saa niliyolala, saa niliyoamka, saa niliyokula, vikombe vya kahawa, hedhi, na siku mameto yalipokuja, na baada ya miezi kadhaa nikaona kwamba siku mbaya zilikuwa siku ambazo nimechelewa kula au nimelala vibaya, na karibu kila mara vitu viwili vilikuwa vimekutana. Wenye elimu hii husema vichochezi hujumlishana. Ni mfano wa deni katika duka la mtaani: unga leo, sukari kesho, sabuni keshokutwa, kila kitu kidogo na mwenye duka hasemi neno, hadi siku unapochukua kiberiti ndipo anapofungua daftari lake. Mtu akila chungwa siku aliyopata usingizi wa saa nne tu na kushinda na njaa, hulilaumu chungwa.

Tena kuna mtego mwingine katika hizo orodha, na hasa katika chokoleti. Kipandauso huanza kabla hujakijua. Saa nyingi kabla ya mameto, pengine tangu jana yake, mtu huweza kupiga miayo isiyo na sababu, shingo ikakaza, akawa mwepesi wa kukasirika, na akapata hamu kali ya vitu vitamu. Anakula chokoleti kwa sababu kipandauso kimeshaanza, halafu kesho yake anasema chokoleti ndiyo iliyokileta. Mimi nikianza kutafuta halua saa nne asubuhi, najua kuna kitu kinakuja, na hapo hunywa maji, hula kitu cha maana, na huahirisha kazi inayotaka macho.

Sisemi kwamba hakuna chakula chenye lawama. Divai nyekundu imetajwa sana, nyama zilizohifadhiwa kwa chumvi za naitreti kama soseji pia, na jibini lililokomazwa kwa muda mrefu lina tiramini, kemikali inayolaumiwa kwa kuchochea kipandauso, ingawa sidhani kama hilo ni tatizo kubwa katika meza za Tanga. Nazi sijaiona popote. Mayai nayo yana chakula kizuri tu ndani yake, na ukiyaondoa kwenye kifungua kinywa utabaki na ile chai ya rangi ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya shida. Ukiondoka alfajiri na chai tupu hadi saa nane mchana, umekwisha kufunga kila siku ya kazi, na tena unafunga huku ukinywa kahawa.

Kahawa ndiyo ningeigusa kwanza baada ya mlo. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watu 98 wenye kipandauso kwa wiki sita, uliona kwamba kikombe kimoja au viwili vya kinywaji chenye kafeini havikuhusiana na maumivu siku hiyo, lakini vitatu au zaidi vilihusiana. Kafeini pia humlipiza mtu anapoiacha ghafla, na nadhani Jumamosi zako ni za namna hiyo: siku za kazi kahawa tatu kabla ya adhuhuri, siku ya mapumziko umelala hadi jua limepanda na hakuna hata moja.

Mwalimu wa Tanga:

Ninawashukuru nyote, na Mzee wa Magomeni, shikamoo, nimepokea ushauri wako wa tangawizi kwa moyo mmoja. Jana mameto yalinijia ofisini na nikafanya kama Tabibu alivyoelekeza: nilifunika jicho moja, kisha la pili, na hilali ilikuwepo kwa yote mawili, mahali palepale juu ya ukurasa uleule, na nilipofumba yote niliiona ikiwaka gizani. Ilikuwa siku ya mitihani, nilikuwa sijala kitu tangu usiku, na taa ya mrija ya ofisini ilikuwa inapepesa. Bint Unguja, ni kweli kwamba wikendi ndiyo siku zangu mbaya, na nilidhani ni kwa sababu ya kufua juani.

Sivuti sigara. Vidonge vya majira ninatumia, tangu nilipojifungua mtoto wa pili, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwa nini vinahusika? Pia nimeona watu wakisifu vidonge vya magnesiamu, na duka la dawa la hapa linaviuza kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu hauifurahii.

Mfamasia, Dodoma:

Mwalimu, nianze na vidonge vya majira kwa sababu vina uzito kuliko chakula chote tulichokijadili. Kipandauso kinachotanguliwa na dalili za uoni huongeza kidogo hatari ya kiharusi. Kwa mwanamke wa umri wako hatari hiyo bado ni ndogo, lakini homoni ya estrojeni huiongeza, na sigara huiongeza zaidi. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huweka vidonge vyenye mchanganyiko wa estrojeni na homoni nyingine iitwayo projestini katika kundi la visivyopaswa kutumiwa na mwanamke mwenye kipandauso cha aina yako, awe wa umri wowote. Usiviache leo ukabaki bila kinga. Chukua pakiti yako, nenda kliniki ya uzazi wa mpango, uwaambie kwa maneno yaleyale uliyotuandikia hapa kwamba unaona mameto kabla ya kichwa kuuma. Wataangalia kama pakiti ina estrojeni au la, kwani vipo vidonge vya projestini pekee. Kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote, na njia nyingine za projestini pekee watazipima pamoja nawe. Ikiwa mameto yalianza au yaliongezeka baada ya kuanza vidonge, waambie na hilo.

Magnesiamu ina ushahidi wa wastani. Dozi inayotajwa kwa kipandauso ni kati ya miligramu 400 na 600 kwa siku, madhara yake ya kawaida ni kuharisha, na mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari. Vitamini B2 ilijaribiwa kwa miligramu 400 kwa siku, kiasi ambacho huwezi kukipata kwa kula, na mkojo hugeuka njano kali, jambo lisilo na hatari. Vyote viwili vinahitaji kama miezi mitatu kabla ya kuvihukumu. Kama mshahara hauruhusu, sioni sababu ya kukopa. Mbegu za maboga zilizokaangwa bila mafuta, korosho, maharage, mchicha na ugali wa dona vina magnesiamu nyingi, na dona ina faida nyingine ya kukaa tumboni muda mrefu kuliko mkate mweupe. Uji wa dona wenye karanga kabla ya kupanda pikipiki, na kitu cha kutafuna saa nne, vitakufaa kuliko chupa ya vidonge.

Kuhusu mafuta nina neno, ingawa kwa mtu anayeishi Dodoma, penye alizeti pande zote, ni kama kujitafutia ugomvi. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililowagawa watu 182 wenye kipandauso cha mara kwa mara katika makundi matatu ya mlo kwa wiki 16. Waliokula samaki wenye mafuta kwa wingi na wakati huohuo wakapunguza mafuta ya mimea yenye asidi ya linoleiki walipungukiwa na takriban siku nne za maumivu kwa mwezi, wakilinganishwa na waliokula kama kawaida. Walioongeza samaki bila kupunguza mafuta hayo walipungukiwa na kama siku mbili. Alizeti ya kawaida, mahindi na soya ni katika mafuta yenye asidi hiyo kwa wingi. Tanga mna vibua na dagaa, kwa hiyo nusu ya kazi mmeshaimaliza, ila ukivizamisha vibua kwenye karai la mafuta ya alizeti unaifuta faida uliyoifuata. Vichome, au vipike mchuzi wa nazi. Jirani yako aliyekukataza nazi alikosea, kwa kuwa mafuta ya nazi yana asidi hiyo kidogo sana, ingawa kwa ajili ya moyo nayo si ya kumwagwa bila kipimo.

Dawa za maumivu zina mpaka wake. Ukimeza parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe inaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa zile zilizochanganywa na kodeini au kafeini, na kwa dawa maalumu za kipandauso za jamii ya triptani, mpaka ni siku 10. Watu wengi wanaofika dirishani kwangu wakiomba dawa kali zaidi wamefikia huko bila kujua. Hesabu siku kwenye daftari lako lilelile.

Tabibu wa Macho, Mombasa:

Ninamuunga mkono Mfamasia, hasa kwenye vidonge vya majira. Naongeza mambo ya macho yenyewe. Taa ya mrija inayopepesa ni kichochezi kinachojulikana, na mwalimu mkuu anaweza kuibadilisha kwa gharama ndogo. Miwani ya jua vaa juani tu. Ukiizoea ndani ya nyumba, macho huzoea giza na mwanga wa kawaida ukaanza kukuumiza. Usiku kaa upande ambao taa haikupigi usoni, na ikiwezekana madaftari yasahihishwe mapema ili ulale na kuamka saa zilezile, Jumapili kama Jumatatu. Mazoezi nayo yana nafasi: katika jaribio la Sweden lililochapishwa mwaka 2011, mazoezi ya dakika 40 mara tatu kwa wiki yalikaribiana na dawa ya topirameti katika kupunguza mashambulizi. Kutembea kwa haraka ufukweni jioni kunatosha, ila usianze kwa pupa ukiwa na njaa.

Na mameto yakianza ukiwa barabarani, simamisha pikipiki. Kipande cha uoni kinachokosekana kinaweza kuficha mtoto anayevuka, na ubongo hukijaza kipande hicho kwa namna ambayo hutajua kwamba kuna kitu hukukiona. Kaa kivulini hadi herufi za bango lililo karibu zisomeke zote.

Bint Unguja:

Swali la Ramadhani limebaki, na najibu kwa niliyoyazoea na niliyoshauriwa na daktari wangu. Watafiti waliowafuatilia Waislamu wenye kipandauso waliona siku za maumivu zikiongezeka mwezi huo, na siku za mwanzo huwa nzito kwa sababu ya kafeini iliyokatwa ghafla. Anza kupunguza kahawa wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, nusu kikombe kwa nusu kikombe, hadi ubaki na kimoja ambacho utakinywa baada ya futari. Daku usiiache na usiile mapema. Ile karibu na adhana ya alfajiri, na iwe ya kukaa tumboni, kama maharage, mayai, mihogo au wali wa jana na samaki, badala ya chai na kipande cha mkate. Maji yagawe kuanzia futari hadi daku, usiyanywe yote kwa mkupuo wakati wa adhana. Futari yenyewe ianze kwa tende na maji, upumzike, ndipo uje kwenye sambusa na kaimati, na usiku usikeshe hadi daku halafu ukategemea kulala mchana, kwa kuwa saa za usingizi zikipinduka mameto hayachelewi.

Ukiona katika juma la kwanza yanakuja mfululizo, zungumza na daktari wako na shehe wako. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na mimi mwenyewe hulipa zangu miezi ya baridi, Juni na Julai, wakati mchana ni mfupi na jua halichomi.